Mnyama wa Karatasi ya Karanga

Harufu ya karanga zinazokaangwa kwa chumvi, hasa zile zilizoanza kuungua kidogo, hunirudisha Naguru, kilimani nilipokulia, papo hapo. Naweza kuwa kwenye foleni ya benki, nimevaa viatu vya heshima, na mara najikuta nina miaka tisa, miguu mitupu, nimeshika kipande cha karatasi chenye mafuta nakisoma kana kwamba ni barua yangu. Wanangu wamenizoea. Wakiona nimenyamaza mbele ya muuza karanga huambiana, "Mama ameshaenda zake," kisha wananingoja nirudi.

Leo nataka niende nanyi. Si mbali, na hamna haja ya kubeba kitu.

Tulikaa kwenye kambi ya polisi, juu kilimani, katika nyumba za bati za mviringo tulizoziita unipoti. Aliyezibuni simjui, lakini naamini hakuwahi kulala ndani ya hata moja. Mchana joto lilituivisha humo, na mvua ikinyesha hatukusikiana hata tukipiga kelele, tukawa tunaongea kwa mikono. Lakini asubuhi zilikuwa nzuri. Jua lilipochomoza, mwanga uliingia kupitia vitundu vidogo vilivyoachwa na misumari iliyong'oka, ukatua ukutani kwa madoa madogo ya duara. Mimi nililala kwenye mkeka nikiyatazama yakitembea polepole, polepole, hadi yalipofika kwenye msumari wa wazazi wangu, na hapo nikajua ni wakati wa kuamka.

Msumari huo lazima niueleze. Baba alikuwa Mwislamu wa Yumbe, kaskazini-magharibi kabisa, na Mama alikuwa Mkatoliki wa Mahagi, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kutoboa bati lile ilikuwa kazi ya kumpa mtu homa, kwa hiyo walipohamia humo Baba alipigilia msumari mmoja tu, na juu yake wakatundika vyote viwili: tasbihi ya Baba na rozari ya Mama. Kila mmoja alichukua chake kwa haraka na kukirudisha kwa haraka, na jioni ilipofika shanga zote zilikuwa zimesokotana. Kuzitenganisha ilikuwa kazi yangu, maana vidole vyangu vilikuwa vidogo. "Zainabu, niletee," Baba alisema. "Neema, na yangu pia," Mama alisema. Wote wawili walikuwa wakiniita mimi. Nilikuwa na majina mawili, na pale nyumbani hakuna aliyeona ajabu.

Kuku wetu alichinjwa na Baba, kama dini yake ilivyotaka, na nguruwe hakuingia kwetu hata kwa kutajwa. Lakini yai halichinjwi. Mama alipenda kusema kwamba yai ndilo chakula kisicho na ugomvi, na siku yoyote aliyohisi kuna maneno yanayotaka kuzuka alichemsha mayai. Tulikula mayai mengi miaka ile.

Shida ilikuwa shuleni. Kipindi cha dini kilipofika watoto waligawanyika, Waislamu chumba cha mwanzo, Waprotestanti chumba cha mwisho, Wakatoliki wakabaki walipo. Mwalimu aliponiuliza mimi ni wa wapi nilimjibu kwamba sisi nyumbani tuna msumari mmoja. Darasa zima liliangua kicheko. Akaniambia nikakae verandani mpaka wazazi wangu walete jibu. Sasa Baba na Mama walikuwa wameahidiana siku waliyooana kwamba mtoto atachagua mwenyewe atakapokuwa mtu mzima, kwa hiyo jibu halikuletwa, nami nikakaa verandani muhula mzima. Nilisikia sura za Kurani zikitoka upande mmoja na nyimbo za Bikira Maria zikitoka nyuma ya mgongo wangu, zikakutana pale nilipokaa, na zote nikazijua kwa moyo. Wenzangu walipotoka waliniita popo. Mnajua habari za popo: ndege wanamkana na wanyama wanamkana. Nilijidai sijali. Nilijali sana.

Nikitoka shule nilipitia kwa Mama Furaha, rafiki wa Mama, Mkongomani wa Bunia aliyekaanga karanga kwenye baraza ya duka lililofungwa, njia ya kushukia sokoni Nakawa. Mwenye duka alikuwa Mhindi, akaondoka na wenzake mwaka ule serikali ilipowaamuru Wahindi waondoke nchini. Duka lilipewa mkubwa mmoja, mmoja wa wale matajiri wa ghafla tuliowaita mafuta mingi, akauza kila kitu mpaka rafu, kisha akafunga mlango na hakuonekana tena. Kitu pekee ambacho hakikupata mnunuzi ni gunia la vitabu. Mama Furaha alimwomba mlinzi, akapewa, na tangu hapo akawa anachana kurasa, anazikunja umbo la pembe, anajaza karanga. Mji mzima ulikuwa unakula karanga kutoka kwenye vitabu vya Wahindi. Mimi nilimsaidia kupepeta na kuokota mawe, na ujira wangu ulikuwa pembe moja iliyojaa.

Nilimaliza karanga kwanza, kisha nikasoma karatasi. Ndiyo ilikuwa desturi yangu. Na siku moja nilipoikunjua karatasi nilimwona yeye.

Alikuwa amechorwa kwa rangi, yuko kando ya maji. Mwili wa manyoya laini, mkia mpana kama mwiko, miguu ya utando, na usoni, pale ambapo mnyama yeyote mwenye adabu ana pua, mdomo wa bata. Nilidhani mafuta ya karanga yamechanganya picha mbili. Nikaipangusa kwenye gauni. Bado alikuwa vile vile.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la nne, cha kuruka maneno makubwa kama mtu anavyoruka madimbwi, lakini nilielewa. Mnyama huyu hukaa nchi ya mbali kusini mwa dunia. Hutaga mayai. Mayai yakianguliwa huwanyonyesha watoto wake, ila hana chuchu, maziwa hutoka tu kwenye ngozi na watoto wanayalamba kwenye manyoya. Upande wa pili wa karatasi alikuwepo ndugu yake, mwenye miiba mwili mzima, naye hutaga yai na hunyonyesha. Wako hao tu, kitabu kilisema, duniani kote. Na walipopeleka ngozi ya yule wa kwanza Ulaya, wasomi wakubwa walikataa kumwamini. Walisema kuna fundi mjanja ameshona mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama mwingine ili awacheke. Wakaiweka ngozi mezani, wakaanza kutafuta uzi.

Hapo ukurasa ukaisha.

Sijui kama mmewahi kuachwa njia panda namna ile. Nilirudi nyumbani natembea bila kuona njia. Siku ile Mama alinikuta nimejifungia mahali pa kuogea, nina kioo chake kidogo, najitazama nyuma ya masikio. Aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mshono.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaichukua karatasi, akaitazama picha kwa muda mrefu maana kusoma Kiingereza hakujua, nami nikamweleza. Kicheko kikamwisha. Akanifunga kanga, akaniketisha mapajani ingawa nilikuwa mkubwa, na akaweka kidevu chake juu ya kichwa changu.

Siku zile nilimwota mnyama yule hata nikiwa macho. Jumapili nyingine, Mama akishatoka misa, Baba alitupeleka Port Bell kutazama mabehewa ya treni yakiingizwa melini. Reli ilishuka mpaka kwenye maji, na mabehewa yakasukumwa taratibu ndani ya tumbo la meli, moja baada ya jingine, yakaondoka ziwani. Baba aliyapenda mambo hayo kupita kiasi. "Tazama, Zainabu," alisema, "treni inaenda kuogelea." Mimi nilitazama chini, kwenye maji ya kijani kati ya gati na meli, na nilikuwa na hakika kwamba nimemwona akipita pale, mdomo wa bata mbele, mkia wa mwiko nyuma, hana haraka.

Kila siku nilipepeta karanga nikingoja ukurasa unaofuata. Zikaja pembe zenye mbuni, kisha bata mzinga, kisha kasuku, kisha mamba na kobe. Siku ya mamba uvumilivu ulinishinda, nikamuuliza Mama Furaha mwendelezo uko wapi.

"Ile ya mbele?" alisema. "Nilishauzisha. Mi nachanaka kutoka nyuma."

Nilidhani nitalia. Kumbe karatasi yenye jibu ilitoka siku moja kabla ya yangu, askari fulani akala karanga zake, akaitupa barabarani. Nilimuuliza kwa nini anachana kitabu kinyumenyume kama mtu anayevua shati kwa kuanzia miguuni.

Akajifuta mikono, akakichukua kile kitabu na kukifungua mwanzo. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina limeandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko wa kitoto: Nalini. Chini yake mwenyewe alikuwa amechora ua.

"Tazama. Kitabu iko na mwenyewe," Mama Furaha alisema. "Pengine atarudia. Mi siwezi kufungia karanga mu jina ya mutu. Kwa hiyo naanzia kule nyuma, naenda polepole."

Basi nikamweleza habari yote, mnyama, mayai, wasomi na uzi. Alisahau kukoroga. Karanga zikaanza kuungua na wala hakugeuka.

"Anataga mayai?"

"Ndiyo."

"Na ananyonyesha?"

"Ndiyo. Lakini hana matiti."

Mama Furaha aliinua uso, akatazama juu ya paa la duka, akasema kwa sauti kubwa, "Mungu yangu, siku ile ulikuwa na furaha gani!" Akacheka mpaka machozi, akayafuta kwa pindo la kitenge. Halafu akanivuta karibu, na sasa hakuwa anacheka. "Sikia, mutoto. Batu ndiyo banashonaka. Mungu hashoni. Mungu anaunga mutu mu tumbo ya mama yake, na mule haiko sindano. Ile nyama, Mungu alimuangalia, akaona mudomo, akaona mayai, akajua batu batacheka. Akasema, na huyu ni muzuri. Akamuacha vile vile."

"Lakini walipata uzi?"

"Mi sijui ya wazungu," alisema, akarudi kwenye karanga zake. "Mi najua ya Mungu."

Nilitaka yote mawili.

Wiki hiyohiyo, nadhani, alikuja bwana mmoja wa miwani myeusi. Aliegesha gari lisilo na namba nje ya lango la kambi na kuongea na Baba kwa uchangamfu mkubwa. Watu wazima waliokuwa karibu walikumbuka ghafla kwamba wana kazi ndani. Mimi nilikuwa natoka shule. Bwana yule aliniita, akanipa pipi, akaniuliza jina langu. Nilikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu ni kujibu kwa ukamilifu. Nikamwambia naitwa Zainabu, tena naitwa Neema, Baba anasali Ijumaa na Mama anasali Jumapili, na vyote tunatundika msumari mmoja. Alicheka vizuri sana. "Majina mazuri," alisema. "Yote mawili." Kisha akamtazama Baba, si mimi. Nakumbuka tu kwamba pipi ilikuwa ya limau, na kwamba Baba alinishika mkono kuelekea nyumbani akaubana mpaka ukauma.

Siku chache baadaye akaja Shangazi Zubeda. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyemlea Baba baada ya mama yao kufariki, na alishuka kutoka kwenye lori la tumbaku akiwa na dumu la asali, akinukia moshi na jua. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto pekee wa ndugu yake, kwa hiyo alinipenda kwa fujo. Alinisuka, akanipaka mafuta, akanilambisha asali kwenye kidole chake. Ningependa kuwaambia kwamba nilimchukia, hadithi ingekuwa rahisi. Lakini nilimpenda.

Jambo la kwanza aliloliona ndani ni msumari. Hakufoka. Aliishusha rozari kwa vidole viwili, akaifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka juu ya kitanda cha Mama kwa heshima zote. Mama alitazama chini. Tulipokwenda bombani kuchota maji alisema tu, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," akajitwika ndoo.

Shangazi alikuwa amekuja kunichukua. Hilo sikufichwa. Jumamosi asubuhi lori lingerudi, nami ningekwenda nalo Yumbe, nikaishi kwake, nikasome kwa shehe, niwe na jina moja. Mama alianza kukunja nguo zangu Jumatano. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Kila siku Baba alirudi kutoka kazini akakaa nje kwenye kigoda bila kufungua redio. Nilimuuliza nimekosa nini. Akanijibu, "Hujakosa kitu," akageuza uso.

Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri tulikula pamoja. Mama alikuwa amechemsha mayai, bakuli zima, na kutokana na wingi wake nilijua hali ni mbaya. Shangazi hakula yai. Kwao mwanamke hali mayai. Alikula mihogo, na alipomaliza akasafisha koo.

"Juma," alimwambia Baba, "njia mbili ilishinda fisi. Mtoto yako iko kama popo. Haiko ndege, haiko nyama. Mimi nataka yeye awe kitu moja. Kitu moja inajulikana."

Baba aliendelea kumenya yai. Mama alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Na mimi, sijui nilipata wapi ujasiri, niliinuka nikaenda kuitoa karatasi yangu chini ya godoro, nikaja kusimama katikati yao nikasoma. Nilisoma Kiingereza, nikafasiri, nikasoma tena. Sauti ilinitoka nyembamba. Nilieleza mdomo wa bata na manyoya, mayai na maziwa. Nilieleza ndugu yake wa miiba. Nikafika kwa wasomi.

"Ngoja," Shangazi alisema, ameinama mbele. "Inataga?"

"Inataga."

"Na inanyonyesha? Wallahi?"

"Wallahi, Shangazi."

"Sasa nyama yake tunachinja kama mbuzi, ama tunakula hivi hivi kama samaki?"

Hilo hata kitabu hakikulitaja. Kwa mara ya kwanza wiki ile Baba alitabasamu. Aliweka yai chini, akapangusa mikono yake vizuri, akanyoosha mkono nimpe karatasi.

Kazi ya Baba ilikuwa kukagua leseni na vibali. Madereva wa mji mzima walimwogopa kwa sababu hakutazama karatasi ya kughushi kwa macho, aliipapasa. Aliwafunga macho wenzake kwa mchezo, akawapa leseni mbili, akawafundisha kutafuta kwa kidole pale picha ilipobandikwa juu ya picha nyingine. Sasa aliinua karatasi yangu kwenye mwanga wa mlango, namna ileile ya kazini, akapitisha kidole gumba juu ya mnyama, kutoka mdomoni hadi mkiani.

"Walipata uzi?" aliniuliza.

"Karatasi imeishia hapo, Baba."

"Hawakupata."

"Umejuaje?"

"Kitu ya kughushi iko na mahali imeunganishwa," alisema. Alisema nami, lakini alikuwa anamtazama dada yake. "Inaweza kudanganya macho, haiwezi kudanganya kidole. Ukipita polepole, utapata tu." Akanivuta mbele yake. Akaweka kidole gumba kwenye paji la uso wangu, pale nywele zinapoanzia, akakishusha taratibu, kupitia puani, midomoni, hadi kidevuni. Kidole kilinukia yai na chumvi. "Hii nimetafuta miaka tisa. Hakuna."

Bati lilikuwa linalia kwa joto, kama lilivyofanya saa ile kila siku.

"Asante kwa kuja, dada," Baba alisema. "Mtoto anabaki."

Nilimtazama Shangazi nikitegemea radi. Alikuwa anamtazama ndugu yake kwa uso ambao sikuuelewa, uso wa mtu anayeona mtoto akielekea kwenye maji ya kina. "Juma, unajua unasema nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. Baba alisema anajua. Basi Shangazi akavuta bakuli, akachukua yai moja, akalimenya lote bila haraka, akanipa mimi.

Aliondoka Jumamosi na lori lake, akatuachia asali. Tuliporudi ndani tuliikuta rozari kwenye msumari, mahali pake, pamoja na tasbihi. Mama aliapa si yeye aliyeitundika. Baba aliapa si yeye. Jioni zilikuwa zimesokotana kama kawaida, nikakaa kuzitenganisha, na kwa furaha niliyokuwa nayo nilizisokota tena makusudi ili nianze upya.

Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha ya mtoto. Sasa niwape habari ya mtu mzima.

Baba ndiye aliyemwita Shangazi. Mama aliniambia hayo nikiwa tayari nina watoto wangu. Siku ileile ya pipi ya limau alituma ujumbe Yumbe: njoo umchukue mtoto, upesi. Bwana wa miwani alikuwa mtu wa usalama, na nyumba yenye mke wa ng'ambo ya mpaka na mtoto wa majina mawili ilitosha kushukiwa. Konstebo mmoja jirani yetu alikuwa ameulizwa maswali ya uchangamfu kama yale kwenye lango lilelile, na jioni moja hakurudi. Mkewe aliondoka na godoro kichwani, na ilipofika Jumatatu unipoti yao ilikuwa na watu wengine. Shangazi hakuja kuninyang'anya. Alikuja kuniokoa, na ile asali na ule ususi vilikuwa vya mtu anayejaribu kumfanya mtoto asiogope. Na mimi nilisimama katikati ya chumba na karatasi ya karanga, nikamfanya Baba abadili shauri.

Alilipia uamuzi huo. Aliondolewa kwenye leseni akapelekwa Port Bell kulinda lango, hakupandishwa cheo tena, na kwa miaka iliyobaki ya utawala ule wa kijeshi kila gari lililopunguza mwendo nje ya kambi lilimfanya asimame. Nilidhani ni tabia ya wazee. Utawala ulipoanguka, mambo yakageuka, na jina la Yumbe likawa hatari kulitaja, kwa kuwa wakubwa walioanguka walitoka pande zile. Tulikimbia kuelekea kwao Mama, na kwenye vizuizi vya barabarani nilikuwa Neema hapa, Zainabu pale, kutegemea nani ameshika bunduki. Majina yote mawili yalitufikisha. Mama Furaha sikumwona tena. Sijui kama Nalini alirudi kuchukua jina lake.

Nilipokuwa mtu mzima nilichagua, kama walivyoahidiana. Nilibatizwa, na sababu ya kwanza, nawaambia ninyi tu, ilikuwa yule Mungu wa Mama Furaha aliyejua watu watacheka na bado akamwacha mnyama wake vile vile. Baba alikuja kanisani. Alikaa benchi la nyuma na kanzu na kofia yake, na padri alipouliza jina nilitaja yote mawili. Baba aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sasa ni marehemu. Mwaka mmoja baada ya kumzika nilikuwa maktabani kwa shughuli nyingine kabisa, na kwenye meza kulikuwa na kitabu cha wanyama ambacho mtu alikiacha wazi. Alikuwepo, kando ya maji, mdomo wa bata mbele na mkia wa mwiko nyuma. Siku hizi ana hata jina la Kiswahili, wanamwita kinyamadege. Niligeuza ukurasa.

Baba alisema kweli. Hawakupata uzi. Lakini kitabu kiliongeza jambo ambalo mimi na Baba hatukulijua. Wasomi wale hawakutafuta kwa macho tu, walitumia mkasi. Waliukata mdomo pale ulipoungana na manyoya, wakiusaka mshono, na inasemekana alama za mkasi ziko kwenye ngozi ile mpaka leo.

Nilikaa pale mpaka wakaanza kufunga madirisha. Nilifikiria veranda ya shule, na kicheko kizuri cha bwana wa miwani, na vijana wenye bunduki vizuizini walioniuliza mimi ni nani hasa. Kisha nikaweka kidole gumba kwenye paji la uso nikakishusha taratibu mpaka kidevuni. Baba yangu alitafuta miaka tisa, na hakuniachia hata mkwaruzo.